Mwaka Baba Alipokataa Kusogea

Pale Tunduma, kwenye maduka ya mchele, huwa nawasikia watu wanavyolisifia bonde la Rukwa. Mtu anachota mchele kwa kiganja, ananusa, anafumba macho: "Ah, huu wa bondeni huu!" Mwenzake anadakia kwamba kule ardhi ni nyeusi, ukitupa mbegu unarudi na gunia, samaki wanajileta wenyewe mlangoni. Mimi hunyamaza, lakini hasira inanipanda. Natamani nimkamate mtu wa namna hiyo shingoni, nimshushe kule mwezi wa kwanza, nimsimamishe kwenye tope mpaka magotini, mbu wamtafune masikio mpaka yavimbe, halafu nimwambie haya, nusa tena.

Sikwenda huko kwa hiari yangu. Nilishushwa nikiwa msichana mkubwa, wa kuposwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwetu ni Iyula, juu, kwenye baridi na kahawa, mahali ambapo asubuhi unaona pumzi yako. Sisi watoto tuliambiwa kwamba kahawa imekufa. Na kweli, chama cha ushirika kilikuwa hoi, na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita majumbani na mizani zao, kila mmoja akimsema mwenzake mwizi. Baba wakati huo alikuwa kuli Tunduma mpakani, anapakia na kushusha mizigo ya malori, amejaa maneno ya Kibemba mdomoni. Akirudi nyumbani na kukuta umefanya kosa, hakuita jina lako. Alisema "Iwe!", yaani wewe, na ulijua umekwisha.

Siku moja alirudi, akakaa ndani na mama mlango umefungwa, na kulipokucha tukaambiwa tufunge vyombo, tunahamia bondeni. Mama hakusema lolote. Alifunga sufuria zake kwenye khanga kuukuu na macho mekundu. Nikadhani ni moshi.

Ukiteremka ule ukingo wa milima kwa lori, joto linakupokea njiani kabla hata hujafika. Mto Momba ukiwa huko juu una adabu zake, unapita kwenye mawe, una kingo, unajua unakokwenda. Ukifika chini ukalikaribia ziwa, wazimu unauingia. Unagawanyika mikono mingi midogo, na kila mkono unatambaa kwenye tope ukitafuta pa kumwagikia. Mwaka huu unapita hapa, mwaka kesho umehama, umeacha mtaro mkavu na mifupa ya samaki. Ziwa lenyewe maji yake ni ya magadi, huwezi kuyanywa, na mamba ndiko kwao. Nalo halitulii. Kuna miaka linapanda mpaka kwenye mashamba, na kuna miaka linarudi nyuma huko mpaka wavuvi wanalitafuta kwa miguu.

Watu wa huko wanaishi kwa kulifuata hilo tope. Mvua zikianza ni mpunga. Maji yakipungua, kambale wanabaki kwenye madimbwi, wanavuliwa kwa vikapu na kubanikwa kwa moshi mpaka kijiji kizima kinanuka. Kiangazi wanawake wanakwenda Ivuna kuchemsha chumvi, wanarudi na midomo iliyopasuka. Siku za mavuno malori ya Tunduma yanashuka, na wale wafanyabiashara wenye kofia na vikoi wanatandika mikeka kivulini, wanapima mpunga wetu huku wanatudharau. Nasi tuliwadharau vilevile. Huko bondeni hakuna aliyempenda mwenzake sana, tuliishi tu.

Aliyetupokea alikuwa bibi mmoja mjane. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kiume, aliyeshinda ziwani akivua, na mke wa huyo mjukuu. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa upande wa mto, maji yanapita kando yake. Lilikuwa pana kuliko nguvu zake. Baba alipokuwa akizunguka kuomba ardhi na kila mtu anamwambia hakuna, yule bibi alimwita.

"Chukua nusu hii ya upande wa vichaka," alimwambia. "Mimi nabaki hapa kwenye mto. Sharti ni moja tu, nalo si langu, ni la hapa. Mto ukinila, mnasogea."

"Sawa, mama," baba akasema, akiitikia kwa kichwa kama anaelewa.

Nieleze hilo sharti, maana ndilo lililotuchoma. Mashamba ya pale yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu, kuanzia mtoni mpaka kwenye vichaka vya ukingo wa bonde. Mafuriko ya kwanza yakipita, mto ulikuwa umekula kipande cha shamba la kwanza. Basi kabla watu hawajapandikiza miche, kila familia ilikwenda kusimama shambani kwake. Yule wa mtoni aliita kwa sauti, "Nimeliwa!" Jirani yake alimjibu, "Nasogea!" Akamwachia kipande kilekile alichopoteza, kisha akageuka kumwitia anayefuata, "Nimeliwa!" Naye akasogea. Hivyo hivyo, shamba kwa shamba, mpaka yule wa mwisho, ambaye alikata vichaka na kufungua ardhi mpya. Hakuna aliyepungukiwa. Mto ulikula wote kidogo kidogo, badala ya kumla mmoja akaisha. Hakukuwa na mpaka wa kudumu. Kulikuwa na tuta la udongo tu, la kubomolewa na kujengwa tena.

Sasa mchukue mtu wa kahawa umweleze habari hiyo. Mti wa kahawa anaupanda babu, anauchuma mjukuu. Kwetu Iyula mpaka ni mti, na mti hautembei. Mtu akisogeza mpaka, hata kwa unyayo mmoja, ni mwizi, na wazee wako tayari kuacha kuzikana kwa ajili hiyo. Baba aliitikia kwa kichwa mbele ya yule bibi, lakini moyoni hakukubali hata kidogo.

Mwaka wa kwanza mto haukumla mtu. Tukavuna. Nisiseme uongo, tulishiba. Kiangazi kilichofuata baba alipanda lori mpaka juu, akarudi na mzigo mkubwa wa matawi ya minyaa. Minyaa unaijua, ile miti ya ua isiyo na majani, ukiikata inatoa utomvu mweupe unaounguza. Akaichomeka pande zote mbili za shamba letu, juu ya matuta, imebanana kiasi kwamba kuku hapiti. Nusu ikaoza kwa unyevu. Akapanda tena. Jirani yetu wa upande wa vichaka, mwanaume mwenye domo kubwa na jembe jepesi, alisimama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwenzetu anaufunga mto kamba!" alipiga kelele.

"Cheka," baba akamjibu. "Mimi mpaka wangu umeota mizizi."

Yule bibi aliiangalia minyaa, akamwangalia baba, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mvua za mwaka ule zilikuja na hasira. Mto ulinguruma siku nzima na usiku kucha, na maji yalipopungua tukakuta karibu nusu ya shamba la bibi haipo. Haipo kabisa. Mahali alipokuwa akipanda kulikuwa na maji ya kahawia yanazunguka, na udongo bado unamomonyoka, chubwi, chubwi. Alibakiwa na ukanda ambao ungemlisha kuku, si watu watatu na kichanga. Maana mke wa mjukuu alikuwa amejifungua siku si nyingi.

Siku ya kusogea ikafika. Watu wote tukasimama kwenye tope, kila familia kwao, mpaka huko mwisho kwenye vichaka. Bibi akajikohoza, akaita.

"Nimeliwa!"

Baba alisimama nyuma ya minyaa yake amekunja mikono.

"Nimeliwa!" bibi akaita tena. Alidhani labda hakusikia.

"Pole, mama," baba akasema. "Lakini mpaka ni huu hapa. Una miti."

Jamani, nilivyosikia aibu. Nilimgeukia mama nikidhani atasema kitu. Mama alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, si huyu bibi ndiye aliyetupa shamba? Si ulisema sawa?"

"Iwe! Funga mdomo."

"Lakini baba..."

"Nimesema funga mdomo! Nikisogea leo, kesho nitasogea tena, keshokutwa nitajikuta kwenye vichaka nakula majani. Mto ni wa Mungu. Uliyemla ndiye aliyeliwa, si mimi."

Wito haukuendelea. Huko mbele, mashamba ya kuelekea vichakani, watu walikuwa wanauliza, vipi, mbona kimya? Habari ikawafikia, na matusi yakaanza. Fadhila za punda ni mashuzi, mmoja alisema, na wengine wakaitikia. Jirani yetu wa domo kubwa ndiye aliyetukana kuliko wote. Alimwita baba mchawi, mchoyo, mtu wa kuja. Lakini nilimtazama vizuri yule bwana. Alitukana, akamaliza, akachukua jembe lake, akaanza kupandikiza palepale alipokuwa mwaka jana. Na yule aliyefuata vilevile. Na yule wa mwisho kabisa, ambaye mwaka ule ndiye angetoka jasho kukata vichaka, alikuwa wa kwanza kwenda zake nyumbani. Wanafiki wakubwa! Walimlaani baba kwa midomo, na mioyoni mwao walimshukuru.

Kuanzia siku ile hatukuwa watu. Salamu zilikatika. Nikienda kisimani wanawake walijitwika ndoo zao nusu, waondoke nisiwakute. Moto ukizimika, hakuna nyumba ya kuomba kaa. Mwenye mtumbwi wa kuvushia watu alinitazama nimesimama na mzigo ng'ambo, akageuza kafi, akaondoka taratibu akipiga mluzi. Wadogo zangu walipigwa shuleni. Na mimi nilichukia kila kitu, nilimchukia baba, nililichukia tope, nililichukia lile ziwa linalonuka, na nilimchukia mama zaidi kwa sababu ya ukimya wake. Nilimwambia hivyo hivyo, tukiwa jikoni.

"Mama, wewe huna mdomo?"

"Koroga ugali," akasema.

Yule bibi hakuja kugombana. Siku chache baadaye alikuja asubuhi na kapu la miche kutoka kwenye kitalu chake, akapenya mahali ambapo minyaa ilikuwa imeoza, akainama ndani ya shamba letu, akaanza kupandikiza. Alipandikiza mahali palepale ambapo angekuwa kama tungesogea, mstari mmoja, wa pili, bila kuongea na mtu. Mke wa mjukuu wake alisimama nje ya ua, mtoto mgongoni, anamtolea macho baba kana kwamba atamrukia.

"Mama, toka," baba akasema.

"Nimesogea," bibi akajibu bila kuinuka.

"Toka kwenye shamba langu."

"Nimesogea, mwanangu. Wewe hukusogea, basi mimi nimesogea."

Baba hakumgusa. Hilo nampa. Alisubiri amalize kapu lake, aondoke, kisha akaingia na kuing'oa ile miche mmoja mmoja, akaitupa mtoni. Niliiona ikielea, mizizi yake myeupe juu, inazunguka na povu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu asubuhi ile, na naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Akasema ataziba lile pengo, asiingie mtu tena. Akachukua panga, akaenda kwenye minyaa iliyokuwa imeshika vizuri ili akate matawi mapya. Minyaa hukatwa taratibu, umegeuza uso pembeni, kila mtoto wa Iyula anajua. Baba alikata kwa hasira. Alipiga panga kama anaua nyoka, huku anabwata peke yake kwamba hakuna wa kumchezea, hakuna wa kumwona mjinga. Utomvu ukamrukia machoni.

Sauti aliyoitoa sitaisahau. Aliangusha panga, akajitupa kwenye tope, akajipaka uso matope akidhani anajipoza. Mama na mimi tulimkimbilia. Tukammwagia maji ya mtaroni, akazidi kupiga yowe. Maji hayakusaidia kitu. Dawa ya utomvu wa minyaa ambayo wote tuliijua, huko juu na huku bondeni, ni maziwa ya mama anayenyonyesha, yakamuliwe moja kwa moja kwenye jicho, na upesi. Mimi sikuwa na mtoto. Mama alikuwa ameshaacha kuzaa. Mwenye maziwa aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, yule mke wa mjukuu, amesimama upande wa pili wa ua, anaangalia.

Mama ndiye aliyekwenda kupiga magoti. Kwenye tope, mbele ya binti mdogo kuliko mimi.

"Mwanangu, nakuomba."

"Simkamulii," yule msichana akasema. "Akaukamue mpaka wake."

"Nakuomba, atapofuka."

"Apofuke! Mwanangu atakula nini mwaka huu? Atanyonya nini huyu mtoto kama mimi sili? Halafu hayo maziwa ndiyo nimpe yeye?"

  Wakati huo baba alikuwa anajipiga kichwa chini. Bibi akatoka kwenye kibanda chake cha kulindia ndege, akasikia, akaangalia.

"Mkamulie," akasema.

"Bibi!"

"Jicho halina kosa. Mkamulie."

Msichana alisonya msonyo mrefu, watu wa ng'ambo nadhani waliusikia. Akaruka tuta, akanipa mtoto nimshike, akapiga magoti kichwani kwa baba. Mama alimfumbua kope kwa vidole. Msichana akamkamulia jicho moja, akamkamulia la pili, uso ameugeuzia mtoni muda wote, machozi ya hasira yanamtoka. Baba akatulia taratibu. Alibaki anahema tu.

"Umekunywa riziki ya mwanangu," msichana akamwambia, akifunga khanga yake. "Sasa sogea."

 Tulimshika mikono, mama huku na mimi huku, tukampeleka nyumbani, tukamlaza, tukamfunga kitambaa cheusi. Nilidhani amejifunza. Jioni nilipompelekea uji alipapasa bakuli, akanywa, kisha akauliza:

"Pengo limezibwa?"

Niliweka bakuli chini kwa kishindo na kutoka nje. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amesikia. Akainuka. Alichukua jembe lake lililokuwa ukutani, akalijaribu makali kwa kidole gumba, akalirudisha.

Kulipokucha alinigusa mguu. "Amka. Tunakwenda kusogea."

Tulifika shambani jua halijawa kali. Mama alikwenda kwenye mpaka wetu wa upande wa mto, akapiga jembe kwenye lile tuta la minyaa, akalibomoa mahali papana. Akamwita bibi, akamwonyesha kwa mkono: chukua mpaka pale. Bibi akavua ndala, akaingia. Kisha mama akavuka shamba letu lote mpaka ua wa upande wa vichaka, na huko jirani yetu wa domo kubwa alikuwa anapalilia.

"Nimeliwa!" mama akaita. Sikujua kama ana sauti kubwa namna ile.

Jirani akainua kichwa, akacheka. "Umeliwa na nani? Mto haujafika kwako."

"Bibi kaliwa. Mimi nimesogea. Na wewe sogea."

"Ahaa! Leo? Mume wako si alisema mpaka ni mpaka? Una miti, si ndiyo?"

"Mume wangu amelala ndani, amefungwa kitambaa. Anayelima hapa ni mimi. Sogea."

"Nimeshapandikiza."

"Utang'oa, utapandikiza tena. Bibi naye alipandikiza."

Jirani akarudi kwenye palizi yake akijichekesha. Mama hakubishana tena. Alipasua minyaa kwa jembe, safari hii uso pembeni kama inavyotakiwa, akapenya, na akaanza kuinua tuta jipya katikati ya mpunga wa yule bwana. Yule bwana aliacha kucheka. Alikuja mbio, jembe juu. Mimi nikajitupa mbele ya mama nikipiga kelele nisizozijua, na pembeni yangu nikasikia pumzi ya mtu. Ni yule msichana, mtoto mgongoni, fimbo ya kufukuzia ndege mkononi.

"Mpige," akamwambia jirani. "Anza na mimi."

Sijui ingekuwaje. Aliyetuokoa ni mke wa yule bwana, aliyekuwa nyuma kabisa na kapu la miche ya kujazia. Alilitupa lile kapu chini.

"Wewe mwanaume, sogea!" alifoka. "Tangu siku ile unamtukana baba wa watu, mchoyo, mchoyo, kumbe furaha yako ni kwamba hukushika jembe! Unadhani sikuoni? Mto ukihamia kwetu mwaka kesho utamwambia nani akusogelee? Eeh? Utamwambia nani?"

Wanawake wa mashamba mengine walikuwa wameshasimama wanaangalia. Yule bwana aliangalia huku na huku. Akatema mate karibu na miguu ya mama. Kisha akageukia shamba linalofuata, na kwa hasira zote alizoshindwa kuzimalizia kwetu akanguruma:

"Nimeliwa!"

"Na nani?" wakamjibu huko.

"Na wanawake! Sogea, mbwa wewe!"

Hivyo ndivyo tulivyosogea mwaka ule. Wito ulikwenda shamba kwa shamba kwa matusi, kila mmoja akimtupia mwenzake hasira aliyopokea, mpaka ukafika mwisho kwenye vichaka, na yule bwana wa mwisho tukamsikia huko mbali anaapa kwa jina la mama yake huku anakata miti. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, kung'oa na kupandikiza upya, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Lakini bibi alipata shamba lake.

Baba alifunguliwa kitambaa mpunga ukiwa umeshika na umeanza kukolea kijani. Jicho moja lilipona. La pili lilibaki na ukungu mpaka leo. Alitoka peke yake mpaka shambani, sisi tuko huko tunapalilia. Akasimama. Akaona minyaa yake, ile ya upande wa mto, imesimama vipande vipande katikati ya mpunga wa bibi. Nilishika jembe langu vizuri, maana nilijua atafoka, na nilikuwa tayari kumjibu chochote, liwalo na liwe.

Hakufoka. Alizungumza na mama kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka.

"Mmenisubiri nisione."

Mama aling'oa gugu, akalitupa kwenye tuta.

"Kaka zangu nao walisubiri nikiwa Tunduma. Nabeba mizigo ya watu, wao kule Iyula wanang'oa ua wangu na kuuchomeka ndani, wananila mistari na mistari ya kahawa yangu. Narudi, naambiwa mpaka ulikuwa hapo siku zote. Na mashahidi wanao. Leo mke wangu mwenyewe."

 Miaka yote nilijua kilichotuhamisha ni bei ya kahawa. Nilijua kahawa imekufa. Kumbe kahawa ilikuwa hai, inazaa vizuri tu, kwa baba zangu wakubwa, ambao tulipoondoka walisimama barabarani wakatupungia mikono.

"Najua," mama akasema. "Mimi nilikuwepo. Niliwaona wakichimba. Shemeji yangu mkubwa aliniambia, wewe mwanamke ni wa kuja, haya hayakuhusu. Nikanyamaza." Alifuta jasho kwa mgongo wa mkono, tope likambaki kwenye paji la uso. "Nilinyamaza kule tukapoteza kahawa. Hapa sikuweza."

Baba alimwangalia kwa lile jicho zima. Kisha akamwacha, akaenda kwenye tuta jipya la upande wa mto, na kutoka hapo akaanza kutembea, polepole, mguu mbele ya mguu, akipima upana wa shamba kuelekea vichakani. Akakanyaga mpaka nje ya ua wake wa zamani, akaingia kwenye ardhi ambayo mwaka jana ilikuwa ya jirani, akaendelea mpaka kwenye tuta la mwisho. Jirani alikuwa upande wa pili, alimwona, akampa mgongo. Baba akageuka, akarudi akipima tena kwa sababu hakuamini. Shamba lilikuwa lilelile, halikupungua hata unyayo.

Alipotufikia alisimama, akasonya.

"Mwaka huu tu," akasema.

"Basi mwakani uje uangalie mwenyewe," mama akamjibu, na akainama kwenye mpunga wake.